Binti wa Mwisho Hana Jina

Muuaji alikohoa.

Ilikuwa Jumamosi mchana, jua la Mlandizi likichemsha mabati, na ndani ya kibanda umiza cha Badru, kile cha kuonyeshea filamu, watu walikuwa wamebanana kwenye mabenchi wakinuka jasho na mihogo ya kukaanga. Kwenye shuka jeupe lililotundikwa mbele, mtu mrefu aliyevaa fuko la unga kichwani alikuwa amesimama nyuma ya pazia la bafu, akimsubiri msichana amalize kuoga. Alikohoa mara moja, kikohozi kikavu cha mtu aliyelala muda mrefu, kisha akaendelea kusubiri. Watu wakacheka. Walidhani ni vionjo vya Dijei.

Dijei mwenyewe hakucheka. Zahoro alikuwa kwenye kona yake kando ya projekta, chupa ya maji mdomoni, kipaza sauti kimelala mezani kikiwa kimezimwa. Na muuaji wa filamu ile alikuwa bubu. Tangu mwanzo mpaka mwisho hatamki neno, hapigi chafya, hata akichomwa moto halii. Kila sauti aliyokuwa nayo pale Mlandizi alipewa na Zahoro. Sasa hicho kikohozi kimetoka kwa nani?

Zahoro alimeza maji, akawasha kipaza sauti na kuendelea na kazi. Kibanda kizima kilikuwa kinamtegemea yeye, na mtu akitegemewa hivyo hujifanya hajasikia.

Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu papo hapo, zinavyokwenda. Wenzake wa Kibaha Maili Moja walikuwa wamegawana Wahindi, Wakorea na Wachina. Zahoro akabaki na filamu za visu, na visu vikampa jina. Filamu zenyewe si za zamani, watu wasidanganyike. Zimetengenezwa juzi tu, ila zimevalishwa ukale kwa makusudi. Picha ina chengachenga, rangi imepauka, muziki ni kinanda kimoja kinachorudia sauti mbili tatu mpaka nywele zisimame, na vijana wa Kizungu wamevaa suruali za bwanga za enzi za babu zao. Damu ndiyo usiseme. Nyekundu ya rangi ya mlango, nzito, inaruka mpaka darini, na kichwa kikikatwa unaona kabisa kwamba ni cha mpira. Mashabiki walikipenda kile kichwa cha mpira kuliko kichwa chochote cha kweli.

"Oya, barabarani kifo hakipigi honi," Hashiru, bodaboda wa stendi, alipenda kusema. "Mwaka jana nimembeba dada mzima, nimemfikisha nusu. Hapa kinanda kikianza tu najua kisu kinakuja. Nakaa vizuri, nanunua muhogo wangu, nakisubiri."

Ndivyo walivyokuwa wote. Anselmi wa buchani, Mchaga mwenye mabega mapana, kutwa alikuwa akikata nyama, halafu akifunga bucha anakuja kutazama Wazungu wakikatana vibaya. Walikuja kuogopa kwa mpango. Walilia, walikumbatiana, walimwaga soda, kisha taa zikiwashwa wakahesabiana na kukuta wote wapo. Hakuna raha iliyozidi hiyo, na Zahoro ndiye aliyekuwa na ufunguo wake.

Alikuwa amewaongezea mambo mawili ya kwake. La kwanza, wafu wa kwenye filamu aliwapa majina ya watu waliokaa pale pale kwenye mabenchi. Ukienda chooni ukirudi unakuta umeshanyongwa, na wenzako wanakupa pole. Basi watu wakawa wanagombania kufa. "Dijei, leo niue mimi!" "Mimi wiki iliyopita uliniruka!" Mzee mzima na ndevu zake anabembeleza akatwe shingo mbele ya wakwe.

La pili lilikuwa baya zaidi, na hakuna aliyeuona ubaya wake. Muuaji bubu alihitaji sauti, na Zahoro akamtafutia sauti anayoijua. Bibi yake mzaa mama alikuwa mwitikiaji kwenye ngoma za kupunga pepo kule Msimbu, na Zahoro alikulia mgongoni mwake, akilala kwenye vumbi la zile ngoma. Alijua pepo akipanda kichwani mwa mgonjwa mganga humuuliza nini, na pepo hujibu vipi. Basi kila muuaji alipotokea na panga lake, Zahoro aliishusha sauti mpaka tumboni na kupiga wito wa zile ngoma.

"Taireni!"

"Taireee!" kibanda kizima.

"Mimi mgeni. Natoka kusikolimwa. Nataka kiti, na nataka damu. Leo mnanipa nani?"

"Anselmi! Mpe Anselmi!"

"Nimepokea."

Na panga linashuka, damu darini, watu wanagaragara kwa kicheko. Kule Msimbu ngoma ilikuwa na mwanzo na ilikuwa na mwisho. Bibi yake hakuondoka uwanjani mpaka mgeni ameagwa na ameonyeshwa njia ya kurudi alikotoka. Lakini filamu za visu hazimalizwi. Muuaji huchomwa, huzikwa, halafu kwenye picha ya mwisho kabisa jicho lake hufunguka, ili waje kutengeneza ya pili. Jicho likifunguka Zahoro hupaza sauti, "Tukutane Jumamosi!" na watu hutoka wakisukumana. Wiki nenda wiki rudi walimwita mgeni, wakamlisha, wakaenda zao kulala bila kumuaga.

Mtu mmoja tu hakuwahi kufa mle ndani, ingawa aliomba kila wiki. Alikuwa Mwamini, mdogo wake Zahoro, aliyekaanga mihogo mlangoni mwa kibanda na kuingia na sinia kila kinanda kilipoanza. Wazazi wao walifia kwenye basi lililopinduka karibu na daraja la Ruvu. Mwamini alikuwemo, mtoto wa kubebwa, akatolewa chini ya viti bila hata mchubuko. Zahoro ndiye aliyemlea, akamsomesha alikoweza, akamsuka nywele vibaya mpaka majirani wakamwonea huruma.

"Mimi siombi kufa, kaka," alimwambia. "Naomba kuwa yule binti wa mwisho. Yule anayepona."

"Kupona si umeshapona?"

"Nilipona nimelala. Sikuona kitu. Nataka nione ninavyopona."

Zahoro alimrushia ganda la muhogo akamwambia akaangalie mafuta yake yasiungue. Alikuwa ameshawaua nusu ya watu wa Mlandizi kwa mzaha, lakini jina la mdogo wake lilikataa kupita kwenye kile kipaza sauti, na hakulilazimisha. Ndiyo maana kwenye tafsiri zake kila mtu alikuwa na jina isipokuwa yule wa mwisho. Yule aliitwa binti tu.

Sasa Jumamosi ile ya kikohozi, msichana wa bafuni aliitwa Anselmi, na watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Panga lilimwingia begani. Asubuhi yake Anselmi hakufungua bucha. Zahoro alimkuta kitandani, bega limefungwa kanga ya mkewe, na chumba kikinuka unga uliovunda, unga uliokaa stoo ukala ukungu.

"Nimeamka hivi," Anselmi alinong'ona. "Sijagombana na mtu. Sijaanguka. Shuka halina hata tone. Zahoro, ni pale pale."

"Pale pale wapi?"

"Usinifanye mjinga."

Kidonda kilikataa kufunga. Kilipelekwa hospitali, kikasafishwa, kikashonwa, kikaachia nyuzi zote na kuanza kupanda. Mwisho wa yote mkono ukakatwa ili mtu abaki.

Hashiru yeye alikuwa amepewa shingo. Jumamosi iliyofuata aliomba mwenyewe, amesimama juu ya benchi, amevua kofia ya pikipiki ili aonekane vizuri, na Zahoro, ambaye alikuwa bado anajiambia kwamba kidonda ni kidonda tu, alimpa. Jumatatu Hashiru alikuwa akikata njia ya mkato kuelekea mtoni. Waya wa kuanikia nguo, uliokuwa pale miaka yote na ambao yeye mwenyewe alikuwa akiuinamia kila siku, alisahau kuuinamia. Waliomwokota walisema kofia yake ilikuwa inanuka unga.

Zahoro alirudi kutoka mazikoni akiwa ameamua kuacha. Jumamosi alimwambia Badru, mwenye kibanda, kwamba visu basi, sasa wataonyesha Wahindi wakiimba. Badru alimtazama kama mtu aliyeambiwa afunge kisima.

"Umeona nje?" alisema.

Nje watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Walitoka Kibaha, walitoka Chalinze, wengine walikuja na watoto mgongoni. Habari ilikuwa imetembea kuliko gari. Walitaka kuona filamu iliyomuua Hashiru. Walitaka kukaa kwenye benchi aliloomba kufa. Na Anselmi, siku chache tu tangu atoke wodini, mkono wa shati ukiwa umefungwa kwa pini begani, alikuwa amekaa benchi la mbele kabisa, macho yanang'aa kwa homa.

"Wewe umekuja kufanya nini?" Zahoro alimwinamia.

"Nimekuja kuona mwisho."

"Anselmi, nenda nyumbani."

"Nyumbani kuna nini? Nyumbani kidonda kinauma bila muziki," Anselmi alisema, na akatabasamu, na Zahoro akamchukia kwa lile tabasamu kwa kuwa alilielewa.

Badru akawasha. Zahoro hakushika kipaza sauti. Alikaa na mikono mapajani, amebana midomo, akiwaza kwamba watazomea kidogo kisha watachoka. Kinanda kikaanza. Muuaji akatokea kwenye ukumbi wa ile nyumba ya kwenye filamu, akasimama, na kutoka kwenye spika zote mbili, kwa sauti ya Zahoro, ile ya tumboni, yenye mkwaruzo mdogo aliokuwa nao tangu alipougua koo utotoni na ambao hakuna mwingine duniani mwenye nao, ikasema:

"Taireni!"

"Taireee!" kibanda kikatetemeka.

Zahoro aliweka kiganja mdomoni. Midomo yake ilikuwa imefunga. Chini ya kiganja, kooni, alihisi kitu kinatembea kama anayemeza mate, ila hakuwa anameza, na spika zikaendelea kusema, zikiita majina ambayo yeye hakuyajua, ya watu waliotoka Chalinze na Kibaha na ambao walishangilia wakisikia wametajwa, wakanyanyua mikono, "Mimi huyo! Mimi hapa!", na kila panga liliposhuka ile harufu ya unga ilizidi kupanda kutoka kwenye shuka mpaka watu wa mbele wakawa wanapiga chafya huku wanacheka, na filamu ikafika kwa binti wa mwisho, amejificha kabatini, ameziba mdomo kwa mikono yote miwili sawasawa na Zahoro alivyoziba wa kwake.

"Na binti?" sauti iliuliza, kwa upole. "Binti huyu sijaambiwa jina. Dijei, binti anaitwa nani?"

Watu wote waligeuka kumtazama. Mwamini alikuwa amesimama mlangoni na sinia, anacheka kama wengine, anasubiri.

Zahoro alichomoa waya wa umeme, akatoka mbio, na zomeazomea ikamsindikiza mpaka barabarani.

Siku ile ile alipanda bodaboda kwenda Mzenga, upande wa Kisarawe, kwa Bi Rukaya, mganga aliyerithi zile ngoma alizokuwa akiitikia bibi yake Zahoro. Alimkuta uani anamenya mihogo. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye haraka, na hakupenda wageni wasiopiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa mbali na mihogo yangu. Unanuka unga uliooza."

Zahoro alimweleza yote akiwa amesimama. Alipofika kwenye Taireni, Bi Rukaya aliacha kumenya.

"Nani alishika usinga?"

"Hakuna, mama."

"Nani alifunga ngoma?"

"Hakuna. Ulikuwa mchezo."

"Mchezo." Aliweka kisu chini. "Mmeita, mmeitikia, mmemuuliza anataka nini, mkampa. Halafu mkaenda kulala. Katika hayo, yeye angejuaje mchezo ni upi?"

Alimkalisha juu ya kinu kilichogeuzwa, akawasha ubani kwenye kigae, akachovya usinga kwenye maji na kumpiga nao usoni, si kwa upole. Zahoro alikuwa na akili zake zote. Ndilo lililomtisha. Aliona kuku wanapita, aliona maganda ya mihogo, na alisikia mdomo wake ukifunguka na kuongea na yule mama, na yeye akiwa nyuma ya maneno yale kama mpangaji anayesikiliza ugomvi wa chumba cha pili.

"Nani wewe?" Bi Rukaya aliuliza.

"Muulize aliyenipa mdomo."

"Umetoka wapi?"

"Nilikuwa napita tu. Nilikuwa sina hata kikohozi."

"Unataka nini?"

"Nilichowekewa."

"Hujawekewa kitu hapa. Umekula mkono, umekula mtu. Shiba uende."

Mdomo wa Zahoro ulicheka, na shavu lake likamuuma kwa kicheko ambacho si chake. "Sahani zote zimepita mbele yangu, mama, kila moja na jina lake. Moja tu imefunikwa, wiki baada ya wiki, imefunikwa vizuri. Nami nikasema, hii basi ndiyo ya mgeni."

Bi Rukaya alimchapa usinga mpaka macho yakamtoka machozi, na kooni kukatulia. Kisha alikaa chini, akajifuta jasho kwa upindo wa kanga, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikashuka.

"Ni nani huyo unayemficha?"

"Mdogo wangu."

"Usinitajie! Pumbavu!" Alimziba mdomo kwa mkono wenye maziwa ya muhogo. "Sikiliza. Hawezi kumchukua asiyepewa, na anayempa ni mdomo huu. Alhamisi nakuja Mlandizi na ngoma zangu na waitikiaji wangu, nimfunge pale pale alipofunguliwa. Kabla ya hapo hawapo, wako shambani. Basi mpaka Alhamisi huna mdomo. Husalimii, husomi dua kwa sauti, hata ukijikata huliiti jina la Mungu ila moyoni. Na yule binti asikanyage mle ndani. Umenielewa?"

Zahoro alitaka kusema ndiyo, mama. Akaitikia kwa kichwa.

Nyumbani, chumba walichopanga nyuma ya kibanda, alimwandikia Mwamini kwenye simu. Mwamini alisoma akacheka. "Kaka, yaani umeogopa kazi yako mwenyewe?" Kisha akamtazama usoni, akaona machozi, na kicheko kikaisha. Hakuwahi kumwona kaka yake analia, hata mazikoni kwa wazazi wao alikuwa mdogo mno kukumbuka.

"Basi. Basi, kaka. Siingii. Nitakaanga mihogo yangu nje, watakuja kununua wenyewe. Naapa."

Alimpikia uji, akamwekea chumvi kidogo kama anavyopenda, akakaa naye jioni yote akiongea kwa niaba ya wote wawili, akijiuliza maswali na kujijibu kwa sauti nzito ya kumuigiza. Zahoro alimpenda mpaka ikamuuma.

Jumapili ilipita, Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita. Jumatano mchana Badru alichoka kuona mabenchi matupu. Hakuwa mtu mbaya sana. Alikuwa mtu mwenye rekodi. Onyesho la mwisho lote lilikuwa kwenye mashine yake, sauti na picha, na mashabiki walikuwa mlangoni tangu asubuhi wakibembeleza, Anselmi akiwa wa kwanza. Badru akasema, Dijei akiwa hana sauti, si tuna ya akiba?

Zahoro alikuwa amejilaza chumbani aliposikia kinanda kupitia ukuta. Aliketi. Akasikia Taireni, na akasikia mwitikio ukipita kwenye matofali mpaka kwenye meno yake. Ni rekodi, alijiambia. Ni sauti ya wiki iliyopita, haina meno. Nje Mwamini alikuwa kwenye karai lake, aliapa, na mafuta yalikuwa yanasikika yakichemka vizuri. Aliyasikiliza yale mafuta kama mtu anayesikiliza pumzi za mgonjwa. Kisha ukutani, katikati ya kelele za watu, sauti yake mwenyewe ikalia. Haikuwa ya tumboni. Ilikuwa sauti yake ya kawaida, ya kaka mtu, yenye maumivu.

"Dada. Dada yangu, niko huku ndani. Wamenishika. Njoo, nakufa."

Hakuwahi kuyasema hayo kwenye rekodi yoyote. Na alimjua mdogo wake. Alijua kwamba atakumbuka kiapo na atakitupa, kwa sababu hata yeye angekitupa. Alikuwa ameshafika mlangoni, miguu mitupu, akizunguka nyumba, akipita kwenye maji machafu, akiona karai la mafuta linafuka moshi peke yake, mihogo ikiwa inaungua na kuwa myeusi na kijiko kimeanguka mchangani, na pazia la mlango wa kibanda bado linacheza pale alipopitia mtu aliyeingia akikimbia.

Ndani kulikuwa na giza na unga. Harufu ilimkaba. Watu walikuwa wamesimama juu ya mabenchi, na mbele kabisa, chini ya shuka, kwenye mwanga wa projekta uliompiga machoni, alikuwa Mwamini, ameweka mkono juu ya nyusi, anageuza kichwa huku na huku.

"Kaka! Uko wapi? Kaka!"

"Binti wa mwisho huyo!" mtu mmoja alipiga kelele, na kibanda kikalipuka kwa shangwe, maana walidhani ni vionjo vipya.

Zahoro alipunga mikono. Mwamini hakumwona, mwanga ulikuwa unampofusha. Alipanda benchi la nyuma, akakanyaga mapaja, akasukuma, akavutwa shati. "Kaa chini, Dijei, unatuziba!" Alikung'uta mkono wa mtu, akaanguka kati ya mabenchi, akainuka, na alipoinuka aliona kwamba nyuma ya Mwamini, kwenye shuka, muuaji wa fuko la unga amekuja karibu sana, amejaza shuka lote, na hatembei kama anavyotembea kwenye ile filamu, ambayo Zahoro aliijua hatua kwa hatua, bali amesimama tu, ameinamisha kichwa upande wa nywele za Mwamini kama anayenusa, na panga linapanda polepole, na shuka pale mkono ulipo linaanza kutuna, linatuna kuelekea nje, kitambaa kinavutika juu ya kitu chenye ncha, na Mwamini amelielekezea mgongo, bado anamtafuta kaka yake kwa macho yaliyojaa mwanga, na kati yao kuna mabenchi matatu na watu wanaocheka, na hakuna njia, hakuna mkono mrefu kiasi hicho, hakuna kitu mwilini mwake kinachoweza kufika pale kabla ya lile panga isipokuwa kimoja.

"Mwamini!"

Sauti ilitoka safi, ya miaka yote ya kumwita aje kula.

Na hapo Zahoro aliona shuka vizuri. Lilikuwa limetulia, limenyooka kama lilivyopigwa pasi. Hapakuwa na mtu nyuma yake. Panga kwenye picha lilikuwa bado chini, mbali, dogo. Lilikuwa likimsubiri yeye alitaje jina.

"Nimepokea," spika zikasema.

"Taireee!" kibanda kikajibu.

Mwamini alikuwa amemwona. Aligeuka upande sauti ilikotoka, akatabasamu kwa kumpata, na koo lake likafunguka kutoka sikio hadi sikio bila kuguswa na kitu. Damu iliruka mpaka darini. Ilipiga shuka, ikapiga lenzi ya projekta, na ukumbi wote ukawa mwekundu, nyuso zote zimegeuzwa juu, midomo wazi. Zahoro alifungua mdomo awaambie wamsaidie, awaambie ni kweli, ni mdogo wangu, lakini mdomo haukuwa wake tena, na ulichosema kwa sauti ya tumboni kilikuwa ni shukrani.

Watu wakapiga makofi. Walipiga na miguu, mabati yakalia. Wengine walikuwa wanatoa machozi.

"Rudisha!" mtu wa nyuma alipiga kelele. "Badru, rudisha nyuma kidogo! Sisi huku hatujaona vizuri!"